Nafasi ya x Mraba

Mwalimu Matheka alifundisha hesabu kwa Kiswahili, kinyume cha amri ya kutumia Kiingereza, na hakuna aliyethubutu kumgusa kwa sababu wanafunzi wake wa mtaa wa Umoja walipita mtihani. Lakini siku hizi alikuwa akisahausahau. Wazazi walilalamika, na leo naibu wa mkuu wa shule, Bi. Kate, alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma kabisa. Akikosea mbele yake, kazi imekwisha. Matheka alilijua hilo.

Alichagua somo ambalo angeweza kulifundisha hata usingizini: kugawanya x³ − 7x + 6 kwa x − 2.

"Hatua zetu?"

"Gawa! Zidisha! Toa! Shusha!" darasa likaitikia kwa makofi, maana ndivyo alivyowazoesha.

x³ kwa x, akaandika x² juu. Akazidisha, akapata x³ − 2x². Ile −2x² akaipanga chini ya −7x, akatoa, akaandika −5x, akaendelea mbio kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Mwisho akabaki na −4. Makofi yalikuwa yamekufa zamani.

Lorraine, mwanafunzi wake kipenzi, akainua mkono. "Mwalimu, x mraba haiko kwa swali. Si tuiwekee ziro kwanza, ndio zisichanganyike? Ni wewe ulitushow hivyo."

Msichana wa watu alitaka kumwokoa. Matheka akasikia dharau.

"Unanifundisha kazi? Toka nje!"

Lorraine akatoka huku akilia.

"Haya, tuhakikishe." Akaweka 2 mahali pa x. Nane, toa kumi na nne, jumlisha sita: sufuri. Basi baki lilipaswa kuwa sufuri, na pale ubaoni lilikuwa −4. Akapanda na kushuka mstari kwa mstari. Kosa lilelile alilowagombezea wanafunzi miaka nenda miaka rudi lilikuwa mbele ya macho yake, na hakuliona.

Akageuka, akatafuta uso wa kumsaidia. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu.

"Huyu Lorraine," akauliza kwa upole, "leo mbona hakuja shule?"

Wanafunzi wakainamisha vichwa. Bi. Kate akasimama, akaja mpaka mbele, akaitoa chaki mkononi mwake taratibu.