Mguu Uliolala

Injini ya kushoto ilikohoa juu ya eneo la Theta, kisha ikanyamaza. Pua ya ndege ikavutwa upande kama ng'ombe aliyeshikwa pembe, na chini yetu mabati mapya ya nyumba yakaanza kuzunguka.

Mimi nilikuwa abiria tu. Leseni yangu ya urubani ilikuwa ya ndege za injini moja. Za injini mbili ni daraja lingine, lina mafunzo yake na mtihani wake, na sikuwa nimeligusa. Mwenye kibali alikuwa Austine, rafiki yangu tangu chuo cha urubani. Asubuhi hiyo alikuwa amenipigia simu: "Niaje Mbinya, narudisha ndege Nairobi. Twende, uonje injini mbili."

Sasa jasho lilimtiririka shingoni. Mguu wake wa kulia ulikandamiza pedali kwa nguvu zote, ndege isije ikapinduka. Mkono wake ukatambaa hadi kwenye wenzo wa kuzimia injini ya kulia. Nilidhani anajua anachofanya.

Ndipo nikasikia sauti masikioni, ndani ya hedifoni. Ilikuwa ya upole, haina haraka, kama ya mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mguu uliolala ndio injini iliyokufa."

Mkono wa Austine ukasita. Akautazama mguu wake wa kushoto, uliokuwa umekaa bure. Akauhamisha mkono, akaizima kabisa ile ya kushoto, panga boi lake lisiendelee kuivuta ndege, na ndege ikatulia. Tukapita juu ya vibanda vya nyama choma vya Kamakis, moshi ukipanda, mpaka magurudumu yakagusa lami.

Alipofungua mkanda alikuwa analia.

"Asante, Mbinya. Nilikuwa nazima ile nzima. Saa hii tungekuwa maiti."

"Asante ya nini? Si ni wewe umesema?"

"Nimesema nini?"

"Hiyo ya mguu. Mimi hata sijafunzwa."

"Wacha mchezo, Mbinya. Nimesikia mwanamke."

Mimi nilikuwa nimesikia mwanamume.

Chuma cha moto kilikuwa kikilia tik, tik, kikipoa. Kisha, bila kuambiana, tukageuka polepole kuangalia viti vya nyuma.

Hapakuwa na mtu.

Austine hakurusha ndege tena. Anafundisha darasani, Ruiru. Mimi nilisomea daraja lile nikafaulu. Nikiruka peke yangu, kwanza huvijaza viti vya nyuma mizigo, pasibaki pa mtu kukaa.