Kanga Isiyofuliwa

Mzee Soud alitia saini bila kusoma, na ukimuuliza kwa nini, angekutazama kana kwamba umemtukana. Angesomaje karatasi mbele ya Alnashir? Walikua mtaa mmoja Unguja, wakagombana na kupatana wakiwa na kaptula, wakapotezana baada ya Mapinduzi, wakaja kukutana uzeeni Wembley. Soud ameshastaafu kazi ya kukagua tiketi kwenye treni za chini ya ardhi. Alnashir ni daktari wa pua na masikio mwenye kliniki yake mwenyewe. Mtu kama huyo akikupa karatasi, ukaanza kuipekua mstari kwa mstari, si umeshamwambia kuwa humwamini?

Daktari naye hakuieleza. Karatasi ilisema kwamba wakija kukosana kwa sababu ya matibabu, hawatapelekana mahakamani. Watakwenda faraghani kwa msuluhishi waliyemkubali wote wawili, na atakaloamua ndilo. Hapo hapana ubaya. Lakini Alnashir aliona haya kuzungumzia ugomvi na rafiki yake kabla hata hajamgusa, akaona ni kujitakia shari. Kwa haya hiyo hiyo akaliruka na lile jingine: kwamba kuondoa vinyama vya puani kunaweza, kwa nadra, kumfanya mtu asisikie harufu tena maishani. Watu wazima wawili, kila mmoja na adabu zake, na adabu ikawaponza.

Pua ilizibuka vizuri. Soud akalala bila kukoroma, majirani wakapumzika, na harufu zote zikatoweka. Kitunguu kiliungua jikoni asijue mpaka moshi ukamwingia machoni. Alingoja wiki, akangoja miezi, hazikurudi.

Aliyefungua madai ni binti yake Raya, mzaliwa wa London, anayekielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Soud hakutaka. Raya akamshikilia kwamba daktari ni daktari, awe rafiki asiwe rafiki, na mzee akachoka kubishana. Mara wakili wa kliniki akaandika kuwa pande mbili zisizungumze ila mbele ya msuluhishi, na hapo Soud akapoteza na Jumamosi zake. Zamani, kliniki ikishafungwa, wawili hao walikuwa wakikaa na chupa ya kahawa wakibishana duka la haluwa lilikuwa upande gani wa njia. Sasa hakuna mtu mwingine Wembley nzima anayelijua hilo duka, wa kukubali wala wa kukataa.

Hamu hiyo alikuwa anaiweza. Asiyoiweza ni nyingine, ambayo hakumwambia mtu, hata Raya. Kabatini kwake mlikuwa na mfuko wa plastiki uliopigwa fundo, na ndani yake kanga ya marehemu mkewe, Zuwena, ile aliyoivua asubuhi ya kupelekwa hospitali asirudi. Haikufuliwa. Kila Ijumaa akitoka msikitini, Soud alifungua fundo, akaingiza uso, akavuta pumzi moja, akafunga haraka. Udi, mafuta ya nazi, na jasho la Zuwena mwenyewe. Kwa pumzi hiyo moja alikuwa na mkewe nyumbani. Alikuwa bado anamtaka, jamani. Mauti hayakumpunguzia kitu.

Baada ya operesheni aliufungua mfuko kila siku, asubuhi na jioni, akanusa mpaka kichwa kikamuuma.

Siku ya kikao walikaa kwenye chumba kidogo juu ya duka la vitambaa. Msuluhishi alikuwa Bi Pushpa, mwanasheria mstaafu aliyezaliwa Mwanza, mama asiyependa maneno mengi. Wakili wa kliniki alisema swali ni moja tu: mzee huyu angeambiwa hatari ile, angeikataa operesheni? Hapishi hotelini, hauzi manukato, na usiku alikuwa hapumui. Nani angekataa?

Bi Pushpa akamgeukia Soud, akamuuliza kwa Kiswahili. Raya akamtazama baba yake.

Soud alitia mkono ndani ya koti, akatoa mfuko, akauweka mezani.

"Ningekataa," alisema. "Ningekoroma mpaka kufa kwangu."

Akaeleza yote, ya Ijumaa na ya pumzi moja, macho yakiwa mezani, kwa sababu si jambo la mtu mzima kulisema mbele ya mwanawe. Raya alijifunika mdomo. Alipomaliza, Soud akaisahau sheria ya kikao, ya kusema na msuluhishi tu, akamgeukia Alnashir.

"Yakhe, mie pua sina tena. Nusa wewe, unambie kama bado yumo."

Wakili alitaka kunyanyuka, Bi Pushpa akamwonesha kidole akae. Alnashir alivua miwani, akafungua fundo, akaingiza uso. Alikuwa amekula sana kwenye sahani za Zuwena, na udi wa nyumba ile alikuwa anaujua. Alikaa humo muda mrefu. Alipoinua kichwa, Soud aliona anatafuta neno la kumpoza, kwa uso ule ule aliokuwa nao siku ya kutia saini.

"Usinionee haya," Soud alimwambia.

Machozi yalikuwa yameshamtoka daktari. "Hayumo, Soud. Nasikia plastiki tu. Ulikuwa ukiufungua sana?"

"Kila siku."

"Basi harufu ndiyo imetoka hivyo, kidogo kidogo. Na mimi ndiye niliyekufanya uwe unaufungua. Ilikuwa wajibu wangu kukwambia mapema, sikukwambia."

Soud alilia mbele ya watu, kilio alichokiweka tangu maziko. Baadaye Bi Pushpa angempa ushindi kwa maandishi, naye asingekumbuka karatasi ile kaiweka wapi. Alichokumbuka ni mkono wa Alnashir begani kwake, na kwamba safari hii ameambiwa.

Akaitoa kanga, akaikung'uta, akamfunika nayo Raya mabegani. Mfuko akauacha pale pale mezani.