Boksi la Maskati

Nilipomwambia mke wangu kwamba zamani bandarini niliinyanyua meli kwa winchi ili nimtoe paka aliyenasa chini yake, aliamini. Akauliza hata paka alikuwa wa rangi gani. Lakini nilipomwambia kwamba dawa ya kisukari inayouzwa hapa Darajani na ile anayoletewa kutoka Maskati ni moja, alinitazama kama anavyomtazama muuza pweza wa jana.

"Baba Haroub, uongo huo uwekee wenzako wa barazani."

Dawa ya Maskati analetewa na mwanetu Haroub, anayefanya kazi huko. Zamani boksi lilifika kila mwezi. Tangu kazi ya kijana ipungue, linafika baada ya miezi miwili. Mke wangu Maisara hakulalamika. Daktari kamwandikia kidonge asubuhi na jioni. Yeye akawa anakunywa cha asubuhi tu, cha jioni anakiacha akidhani sioni. Jumatatu tulipopima, sukari ilikuwa imepanda hadi kumi na sita. Pale kliniki niliwachekesha watu wote, lakini nilipotoka sikwenda barazani.

Nikenda kwa Zehra, mwenye duka la dawa.

"Shikamoo, Mzee Usi."

"Marahaba. Nipe dawa rahisi ambayo mke wangu ataiamini."

"Dawa ninayo. Kuaminiwa ni kazi yako."

"Kazi hiyo nshafukuzwa."

"Basi mlete, aje na boksi lake."

Kesho yake Maisara alikuja, boksi kalikumbatia ndani ya mkoba kama pasi ya kusafiria. Zehra hakumhubiria. Alilaza boksi la dukani kwake kando ya lile la Maskati, akamwazima miwani.

"Bi Maisara, hebu nisomee maandishi madogo."

Akasoma la Maskati: metformin, miligramu mia tano. Akasoma la Darajani: metformin, miligramu mia tano. Akaligeuza la kwanza. Limetengenezwa India. Akaligeuza la pili. India.

"Kumbe hii ilikwenda Maskati kutembea tu?"

"Ndiyo, na matembezi yake unayalipia wewe," alisema Zehra. "Hii chukua ya miezi mitatu, utapunguziwa. Ila cha jioni usikiruke tena."

Maisara aliivua miwani taratibu. "Kila Ijumaa mwanangu hunipigia: mama, dawa imefika? Asipoleta dawa, atanipigia kuniuliza nini?"

Nilitoa pesa, nikalipia ya miezi mitatu.

Jioni alikunywa kidonge cha pili mbele yangu, akanifunulia mdomo nihakikishe. Kisha akachukua simu yangu, akampigia Haroub.

"Dawa usilete tena, iko hapahapa, ileile. Hizo pesa weka nauli, uje mwenyewe... Hapana, baba yako alinambia, lakini nani anamsikiliza? Nimesoma kwa macho yangu."

Haroub akasema atakuja mwezi wa nane, inshaallah. Maisara akanirudishia simu, akaniuliza godoro la Haroub la chumba cha nyuma nimempa nani.