Planitz Wamefika

"Vipi, Gerhard, basi lenu limefika?"

Swali hilo Mzee Konrad alimtupia mwenzake kila siku wakati wa chakula cha mchana, na kila siku Mzee Gerhard alijifanya kiziwi. Lakini siku ile, theluji imepanda mpaka kwenye vizingiti vya madirisha na supu ya kuku inafuka mvuke mbele yake, aliweka kijiko chini, akasukuma bakuli, akageuza uso. Hakula tena.

Bi Fatimah aliliona hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemletea supu. Alikuwa mtunzaji katika nyumba hiyo ya wazee huko Fridley, mama wa Kimombasa mwenye wajukuu, na kila asubuhi alitoka Brooklyn Center kwa basi, chupa ya chai ya tangawizi kwapani. Zamu yake ilikuwa upande wa mashariki wa nyumba, alikokaa Mzee Gerhard. Mzee Konrad alikaa upande wa magharibi. Pande hizo mbili zilikutana kwenye ukumbi wa chakula tu, na wazee hao wawili, Wajerumani wa kuzaliwa waliohamia Minnesota wakingali vijana, walikutana hapo ili wachokozane.

"Hilo basi ni basi gani?" Bi Fatimah alimuuliza alipokuwa akimvalisha soksi nzito chumbani. "Maana limekunyima chakula."

Mzee Gerhard akaanza kusimulia. Ilikuwa mwaka 1948. Vita vimekwisha, Ujerumani imegawanywa vipande, huku Warusi, kule Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Hata hivyo watu walitaka bingwa mmoja wa mpira wa nchi nzima. Timu ya kwao, Planitz, ikatwaa ubingwa wa upande wa Warusi, ikapangiwa kucheza na Nuremberg mjini Stuttgart. Yeye alikuwa mtoto. Baba yake alimwahidi kwamba watakwenda pamoja, mama yake akampigia pasi shati la kanisani na kulitundika nyuma ya mlango. Halafu wakubwa wa Kirusi wakakataa kutoa ruhusa ya kusafiri. Basi la timu halikutoka. Nuremberg wakasonga mbele bila kutoka jasho, na mwishowe kombe wakalichukua wao.

"Na huyu Konrad ni mtu wa Nuremberg," alimalizia. "Anasema tuliogopa. Ati hatukuja kwa kuogopa!"

Bi Fatimah alitikisa kichwa kwa uchungu. "Kwa hiyo waliwashinda mezani," akasema.

Mswahili yeyote akisikia ushindi wa mezani anaelewa: ni ule unaotolewa na wakubwa ofisini, mpira haujaguswa. Ila Bi Fatimah alikuwa ameyachukua maneno hayo yalivyo na kuyamwaga kwenye Kiingereza, na Kiingereza hakiijui meza hiyo. Mzee Gerhard alimkodolea macho.

"Mezani? Juu ya meza?"

"Ndiyo, mezani."

Mzee akaitazama ile meza ndogo ya magurudumu anayolia chakula kitandani. Akaipapasa kwa kiganja, huku na huku, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akacheka, kicheko ambacho Bi Fatimah hakuwahi kukisikia tangu mzee apatwe na kiharusi.

"Fatimah, wewe ni hatari! Baada ya vita hatukuwa na mipira. Tulicheza mezani, kwa vifungo vya makoti. Kifungo kikubwa unakibonyeza ukingoni, kinateleza, kinakipiga kidogo. Konrad naye lazima alicheza. Mwambie Planitz wanakuja. Jumamosi, baada ya chakula!"

"Mimi sikusema hivyo," alisema Bi Fatimah, lakini mzee alikwisha kuanza kupanga timu.

Mzee Konrad alipopelekewa habari alipiga meza kwa ngumi mpaka vikombe vikaruka. "Waje! Nitawafunga mpaka wasahau njia ya kurudi kwao."

Basi Bi Fatimah akaleta bati lake la vifungo. Nyumbani alikuwa anashona, na bati hilo, lililokuwa la biskuti, lilikuwa na kila namna ya kifungo: vya makoti ya baridi, vya sare za shule, vya chuma, vya mbao, hata vya lulu bandia kutoka gauni la arusi la binti yake. Mzee Gerhard alivichambua kimoja kimoja. Vya buluu vya sare za shule akavifanya wachezaji wake. Golikipa akawa kifungo kinene cheusi cha koti, "mtu mzito, hasukumwi na upepo." Vyekundu vikapelekwa kwa Mzee Konrad. Mpira ulikuwa kifungo cheupe cha shati la mtoto mchanga, na magoli ni maboksi ya majani ya chai yaliyokatwa upande mmoja.

Mazoezi yalikuwa shida. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umelala tangu kiharusi, na wa kushoto ulitetemeka. Kumgusa mchezaji kwa upole, pasi fupi fupi, hakuweza kabisa. Kidole kikifika juu ya kifungo kilishuka kwa nguvu zote, na kifungo kikaruka kama panzi mpaka chini ya kitanda. Bi Fatimah alipiga magoti, akakiokota, akakirudisha mezani.

"Polepole, mzee wangu."

"Polepole siijui tena, Fatimah."

"Haya, piga hivyo hivyo. Mimi nipo, nitaokota."

Alhamisi ikaja homa ya mafua. Wazee kadhaa wa upande wa mashariki wakashikwa, na kabla ya jua kutua mlango mkubwa unaotenganisha pande mbili ulikuwa umefungwa. Sista Goretti, muuguzi mkuu, mama wa Kitui mwenye sauti ya kuamrisha hata akisalimia, alipita akitangaza: "Kila mtu abaki upande wake. Chakula kitaliwa vyumbani. Hakuna mtu ana-cross huo mlango mpaka nimesema."

Mzee Gerhard alizipokea habari hizo akiwa ameshika golikipa wake mkononi. Alivirudisha vifungo kwenye bati na kulifunika.

"Imekuwa tena," alisema.

Mara simu ya ndani ikalia. Alikuwa Rigobert, kijana wa Kikongo kutoka Bukavu aliyemtunza Mzee Konrad kule magharibi.

"Mama Fatimah, bonjour. Muzee wangu ametuma habari. Anasema kama saa ya match inafika na muzee wako haonekane, victoire, ushindi, ni ya Nuremberg. Mimi niko mjumbe tu, mama, usinikasirikie!"

Bi Fatimah hakumkasirikia. Alimtazama mzee aliyegeukia ukutani, akaona kabisa kwamba kama Jumamosi itapita hivi hivi, basi mtu huyu atalala na lile swali la basi mpaka mwisho wake. Akajifunga mtandio vizuri, akaenda kwa Sista Goretti.

"Siwezi, Bi Fatimah. Usinibembeleze."

"Sikubembelezi, mwanangu. Nataka kuelewa tu. Kilichokatazwa ni mtu kuvuka mlango, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na meza je?"

"Meza imefanya nini?"

"Ikikaa mlangoni. Nusu kwetu, nusu kwao. Ile ndefu ya ukumbini. Kila mzee kwenye ncha yake, na barakoa yake."

Mabega yakaanza kumtikisika Sista Goretti kwa kicheko. "Yaani wewe mama! Sawa. Kila mtu na vifungo vyake, mpira unapanguswa dawa. Lakini nitabandika utepe katikati. Kidole kikivuka utepe, nafunga mlango na mchezo umekwisha. Kifungo kikivuka hakichezwi huko, kinarudishwa kwao."

Bi Fatimah alimshukuru, akarudi mbio. Alipomweleza mzee sharti la utepe, mzee aligeuka kutoka ukutani polepole. Kwa sharti hilo hakuna wa kukaribia goli la mwenzake. Kila shuti litatoka mbali.

"Mbali!" alisema Mzee Gerhard, akautazama mkono wake unaotetemeka, ule usiojua polepole. "Lete bati."

Jumamosi Bi Fatimah alimnyoa ndevu, akamchana nywele kwa maji, akamvalisha shati jeupe lililopigwa pasi. Akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni. Meza ilikuwa tayari, imetandikwa kitambaa cha kijani, utepe mweupe katikati. Wazee wa mashariki waliokuwa wazima walijipanga nyuma yake na barakoa zao. Upande wa pili nao walijaa. Lakini ncha ya magharibi ilikuwa tupu.

Saa ya mchezo ikafika. Ikapita. Sista Goretti akatazama saa yake.

"Eh, Muzee Gerhard," Rigobert alisema kutoka ng'ambo, amejaa aibu, "mimi naona wewe ndiye umeshinda. Wao hawakuja."

Watu wa mashariki wakaanza kupiga makofi. Mzee Gerhard akainua mkono wake mzima kuwanyamazisha.

"Hapana. Ushindi wa namna hiyo mimi siutaki. Tunasubiri."

Wakasubiri. Hatimaye magurudumu yakasikika, na Mzee Konrad akatokea amejifunga skafu nyekundu, anajisukuma mwenyewe huku anafoka.

"Nilikuwa natafuta meno! Mtu atachezaje bila meno?"

"Nilidhani basi lenu limekwama kwenye theluji," alisema Mzee Gerhard.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, pande zote mbili, na Mzee Konrad naye akajikuta anacheka ndani ya barakoa yake. "Kumbe Planitz wamefika," akasema. "Haya, tuone."

Alianza vizuri yeye. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na kifungo chake kimoja kikapiga mpira ukaambaa pembeni mwa kitambaa ukaingia kwenye boksi la chai. Magharibi wakashangilia. Bi Fatimah akapangusa mpira, akaurudisha katikati, akamnong'oneza mzee wake: "Usimtazame yeye. Tazama boksi."

Mzee Gerhard akashusha kidole. Kifungo cha buluu kilichomoka, kikaupiga mpira, mpira ukaruka utepe, ukagonga golikipa wa Nuremberg na kuingia naye ndani.

"Amemfunga pamoja na kipa!" Rigobert alipiga kelele, akisahau yuko upande gani.

Wakaendelea, huku na huku, wazee wakihesabu mashuti kwa sauti. Mzee Konrad alijaribu kupiga pasi zake fupi ili asogee, lakini kila alipofika kwenye utepe Sista Goretti alikohoa naye akarudisha kidole. Kisha zikabaki dakika za kumalizia. Mpira ulikuwa karibu kabisa na goli la Planitz. Kutoka pale mpaka boksi la pili ilikuwa meza nzima.

Mkono wa mzee ulitetemeka hewani. Bi Fatimah alijizuia asiushike. Kidole kikashuka.

Kile kifungo cheupe kilipita juu ya kitambaa kikizunguka, kikavuka utepe, kikapita katikati ya vyekundu viwili, kikagonga ukuta wa ndani wa boksi kwa mlio mdogo, tak. Kikabaki humo.

Halafu zikalipuka kelele ambazo Sista Goretti hakuweza kuzizima, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akirukaruka. Mzee Konrad alivua skafu yake, akaikunja, akaisukuma juu ya meza mpaka kwenye utepe.

"Jumamosi ijayo," alisema. "Tunarudiana."

"Mtakuja?" aliuliza Mzee Gerhard.

"Tutakuja, mjinga wewe."

Bi Fatimah alipangusa skafu dawa, akamzungushia mzee shingoni, akageuza kiti kumrudisha chumbani akapumzike. Mzee akakataa. Alitaka apitishwe mlango kwa mlango, kwa wagonjwa ambao hawakuweza kutoka. Kila mlango alibisha kwa mkono wake wa kushoto na kutangaza kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Planitz mbili, Nuremberg moja!"

Mlango wa mwisho ulikuwa wa bibi mmoja asiyesikia vizuri. "Nani?" aliuliza kutoka kitandani. "Ngapi?"

Mzee Gerhard akajivuta, akakaa wima kwenye kiti, akavuta pumzi, akamwambia tena.