Kitambaa Kwenye Mdomo wa Bomba

Mume wa mdogo wangu mimi sikumwamini tangu siku aliyokuja kuposa, akakaa sebuleni na miwani ya jua. Kwa hiyo kiwanda chetu cha nguo kilipoleta mtambo wa kusafisha maji ya rangi, na huyo shemeji akapewa kuuendesha, roho yangu ilikataa katakata.

Maji yale yanatoka kwa bomba nyuma ya ukuta, yanaingia kijitoni, na kijito kinapita kwenye bustani ya mdogo wangu. Wanawe wanakula mboga za pale. Halafu ofisini shemeji anasifiwa kwa kuokoa umeme! Umeme unaokolewaje, jamani, kama pampu ya mtambo kweli inazunguka? Nikimuuliza, anacheka.

"Shemeji, wewe koroga rangi yako, maji niachie mimi."

Ngoja, nikasema moyoni, utanijua.

Sisi wa mapipa ya rangi hatupimi maji kwa macho. Tunatumbukiza kipande cha pamba nyeupe. Kama kuna rangi, pamba inaidaka. Basi zamu ilipoisha nikatoka mbio, hata kunawa sikunawa, nikafunga kipande changu kwenye mdomo wa bomba, mafundo mawili, mkia wake ukaning'inia majini. Asubuhi nikakifungua. Buluu! Wala sikwenda kwa shemeji, nilikwenda moja kwa moja kwa meneja.

"Haki ya Mungu, nasafisha kila tone," shemeji aliapa, safari hii hacheki.

Meneja hakutaka kusikia. Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki ileile. Ilipofika saa nne, shemeji alikuwa nje ya geti. Sikumwonea huruma hata chembe.

Mchana nikampelekea mdogo wangu kile kitambaa, aone nilivyomwokolea wanawe. Nilimkuta macho mekundu kwa kulia. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Dada, huku kulikokuwa majini mbona kweupe pe? Rangi iko kwenye fundo tu."

"Rangi ni rangi," nikasema.

Akaushika mkono wangu, huu wenye buluu mwaka wa kumi na moja sasa, akakiweka kidole gumba changu juu ya doa. Kikaenea sawasawa.