Kiti cha Nyuma ya Ngoma

Kaka yangu tunamwita Kamusi, na wala hatumsifu. Ukimuuliza saa, atakueleza kwanza neno "saa" limetoka wapi, na basi litakuwa limeshakuacha.

Huyo ndiye mwenyekiti wa bendi aliyotuachia marehemu baba. Tangu baba afariki hatuna mpiga ngoma kubwa, na seremala anayetupa chumba nyuma ya karakana yake alishatuchoka. "Jumamosi nisiposikia ngoma," alisema, "chumba natia mbao. Tarumbeta tupu inanipasua kichwa." Mpiga tarumbeta ni mimi. Roho iliniuma. Bila chumba kile, bendi ya baba ndiyo basi tena.

Watu walikuja kuomba kupiga ngoma, sikatai. Alikuja fundi baiskeli, Kaka akamkalisha kwenye benchi la mlangoni.

"Kabla sijakuandika, ndugu yangu, ujue kuandikwa ni nini. Siku hizi watu wanasema kusajili, neno la Kiarabu, limekuja na makaratasi yake. Lakini wazee walisema kuandika. Waliandika askari, waliandika vibarua..."

Fundi baiskeli akakumbuka ameacha mpira kwenye maji. Kinyozi alivumilia zaidi, akasogelea ngoma. Mama, aliyekaa pembeni kama kila siku ya mazoezi, akamtupia jicho kali. Kinyozi akatoka bila kuaga.

"Kaka, unawafukuza watu!"

"Nawaandaa."

"Unawamaliza!"

Ijumaa akaingia muuza mikate wa pale kona, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyozoea kukanda unga. Alipoiona ngoma uso ukamchangamka, akaenda moja kwa moja kukaa nyuma yake.

"Hapo hapakaliwi!" Mama alifoka.

Ni kiti cha baba. Koti lake bado limetundikwa mgongoni mwa kiti, Mama hulipiga brashi kila tukikutana, na kati yetu hakuna aliyethubutu kumuuliza ngoma itapigwaje. Kumlaumu Kaka na mdomo wake ilikuwa rahisi zaidi.

Muuza mikate akarudi kwenye benchi, uso umemshuka. Kaka, asijue la kufanya, akaanza kuongea. Niliomba ardhi inimeze.

"...na kuandika kwao hakukuwa kwa kalamu tu," akafika alipokuwa hajawahi kufika na mtu. "Tunaandika meza, sivyo? Sahani hapa, kikombe pale. Na mtu ukimwandika ni vivyo hivyo. Unampa mahali."

Muuza mikate alikuwa bado yupo. "Sasa mimi," akauliza kwa upole, "mahali pangu ni wapi?"

Kaka alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa neno.

Mama ndiye aliyeinuka. Akalitoa lile koti kitini, akalikung'uta ingawa halikuwa na vumbi, kisha akalivaa. Mikono ya koti ikamfunika hadi vidole. Nililia, sioni haya kusema.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Ila upige kwa nguvu. Marehemu hakupenda ngoma ya kubembeleza."

Muuza mikate akakaa, akapiga. Madirisha yakatetemeka, na huko karakana kitu kikaanguka.

"Haya, nimesikia!" seremala akapiga kelele. "Inatosha!"

"Haitoshi," Mama akasema, akikunja mikono ya koti. "Piga tena."