Sauti ya Kilo Mbili na Robo

Niliota usiku wa jana niko mgahawani nafanya kazi, jambo lililoniudhi papo hapo, kwa sababu mchana kutwa nilikuwa mgahawani nafanya kazi. Mtu akilala anastahili kupelekwa kwingine.

Mgahawa ulikuwa uleule wa Msasani, wenye intaneti ya bure na feni zinazozunguka kama zinalazimishwa. Tofauti ni kwamba bahari, ambayo siku zote iko ng'ambo ya barabara, ilikuwa imeingia ndani na kufika kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyeijali. Watu walikuwa wamekunja suruali wanaendelea kuchapa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalinukia mdalasini. Nilivua viatu nikavitundika kwenye mkanda wa mkoba, nikaendelea na safari ya kutafuta meza yenye umeme.

Niseme kwanza kazi yenyewe. Napokea malalamiko ya wateja wa kampuni moja ya nchi ya baridi inayouza vipasha joto vya nyumbani. Sijawahi kuwasha hata kimoja. Nakaa Dar es Salaam, jasho linanitoka mpaka kwenye viwiko, huku namweleza bibi wa watu asogeze kipasha joto karibu na kitanda. Naifanyia kazi hiyo mgahawani kwa sababu nyumbani yupo Shufaa, mwanangu wa miaka sita, na Shufaa hakuzaliwa na sauti ndogo.

Meza niliipata. Soketi ya ukutani ikanitazama kwa matundu yake matatu, ikauliza kama nimekuja kula au kunywa.

Nikasema nimekuja kuchaji.

Soketi ikasema huko ni kunywa. Ikaiambia kompyuta yangu inywe taratibu, maana jana ilipaliwa.

Mhudumu alikuja. Alikuwa kunguru. Simaanishi mtu anayefanana na kunguru. Alikuwa kunguru, mwenye shingo ya kijivu na sinia. Nilimwagiza kahawa nyeusi na kumwomba asitie mkia kwenye kikombe. Hakukasirika. Alininyooshea bawa kwenye tangazo la ukutani, lile ambalo lipo siku zote: mteja asikae bila kinywaji, na wakati wa mkutano sauti ziwekwe kimya. Nilimwambia masharti nayajua.

"Unayajua kwa kusoma, mama," alisema. "Sisi tunayafuata."

Nikageuka nikaona anachosema. Meza ya pili kulikuwa na kijana wa kiume ambaye kahawa yake ilikuwa imekauka, naye alikuwa anafifia. Nilikuwa naona ukuta kupitia kifua chake. Alipoagiza juisi ya ukwaju mabega yalirudi, kisha tumbo, kisha akaendelea kuchapa bila hata kusema samahani.

Nikanywa kahawa yangu kwa hesabu.

Mkutano unaanza. Bi Henrike, mkuu wangu wa kazi, anatokea kwenye kioo cha kompyuta. Katika maisha ya kawaida hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, lakini jana alikuwa anazungumza kama mtu aliyekulia Pangani. Nyuma yake theluji inaanguka, na inaangukia upande wangu pia, juu ya herufi. Naifuta kwa upande wa kanga. Bi Henrike anaeleza kwamba wateja wanalia, baridi imezidi, na sisi watu wa malalamiko lazima tuonyeshe uchangamfu.

Mtu ananivuta gauni. Natazama chini ya meza. Ni Shufaa, amevaa sare ya shule, maji yako magotini kwake.

"Mama," anasema.

Namwonyesha kidole, asubiri.

"Mama."

Namwonyesha kidole kilekile.

"Mama."

Hapo nikafanya nifanyavyo nyumbani. Sikumtazama hata kumtazama. Nilipeleka mkono kwenye kitufe cha kuzima sauti, kile kinachonizuia nisisikike mkutanoni, nikakibonyeza, nikageuka ili nimwambie ninachotaka kumwambia. Lakini aliyekuwa amezimwa si mimi. Shufaa alifungua mdomo, ulimi ukatembea, meno yakaonekana yote pamoja na lile linalolegea, na hakikutoka kitu. Nikabonyeza tena. Hakikutoka kitu.

Niliiuliza kompyuta ina maana gani.

"Kuzima ni kazi yangu," kompyuta ilijibu. "Kuwasha waone wahusika."

Kunguru ndiye aliyekuwa mhusika wa karibu. Alinieleza bila haraka, huku anafuta sinia, kwamba sauti zote zinazozimwa hapa huhifadhiwa kwenye friji la nyuma, ngazi ya chini, zisiharibike. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, friji, feni na soketi vinaendeshwa na jenereta, na mafuta ya jenereta yanatosha mpaka mkutano wangu uishe. Nikamuuliza baada ya hapo inakuwaje. Akasema baada ya hapo sauti huyeyuka, na wahudumu hupiga deki.

Sikupiga kelele. Kelele hazijawahi kuwasha jenereta. Nilimshika mwanangu mkono.

Kompyuta sikuweza kuiacha peke yake, hata ndotoni. Jirani yangu wa upande wa kulia alikuwa pweza, mama wa makamo, nadhifu, mwenye kompyuta tatu na mikutano mitatu. Nilimwomba kama tunavyoombana siku zote, dada tafadhali niangalizie, narudi sasa hivi. Akauliza nataka aangalie kwa macho au kwa mikono. Nilimwambia macho yanatosha.

"Macho ninayo mawili, na yote yana kazi," alisema. "Mikono imebaki miwili. Chukua mikono au acha."

Nikachukua mikono. Mmoja aliuzungusha kwenye kompyuta yangu, wa pili akausimamisha mbele ya kamera, ukawa unaitikia kwa niaba yangu, juu chini, juu chini. Bi Henrike aliushukuru kwa uchangamfu.

Friji lilikuwa na mlango wa kawaida, lakini ndani kulikuwa na korido ndefu yenye mwanga wa kijani, kama ukizamia baharini mchana ukatazama juu. Tulipopiga hatua tatu ikawa korido ya kliniki, ile nilikompeleka Shufaa kuchanjwa alipokuwa mchanga. Mabenchi yalikuwa yaleyale ya mbao. Akina mama walikuwa wamekaa, kila mmoja na kompyuta mapajani na mtoto pembeni, na watoto wote walikuwa wanaongea na hakuna aliyesikika. Ilikuwa korido tulivu kuliko zote nilizowahi kuzipita. Zamani ningeilipia pesa.

Mwisho wa korido ilining'inia mizani ya watoto, ile yenye kaptula ya kitambaa. Iliniambia nikae kwenye foleni.

Nilisema mwanangu hana sauti na jenereta linakwisha mafuta. Mizani ikasema kila aliyekuwa pale alikuwa na mtu asiye na sauti. Nilipotazama nyuma yake ndipo nilipoelewa kwa nini foleni haitembei. Sauti zilikuwa kwenye makopo ya aiskrimu, mamia, na kama kawaida ya makopo ya aiskrimu, hakuna hata moja lenye aiskrimu ndani. Hayakuwa na majina. Yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa wa kelele.

Mimi nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu. Nilikaa Tabora miaka miwili kujifunza kwamba kitu kisicho na lebo ni kitu kilichopotea. Niliwaambia wale akina mama waache kuomboleza mikono ikiwa kwapani, wainuke. Mmoja akaniuliza mimi ni nani mpaka niwapangie. Nikamwambia mimi ndiye niliyesimama. Akacheka, akainuka, na wengine wakamfuata. Tukaanza kufungua makopo kwa zamu: ukifungua, unasikiliza, unaandika jina kwenye kifuniko, unapanga kwa alfabeti. Chini maji yalikuwa yameanza kutona.

La kwanza nililofungua lilikuwa na mume wa mtu anauliza chumvi iko wapi. Nikamwandikia, nikampanga. La pili lilikuwa na kicheko tu. La tatu lilikuwa na mama yangu mzazi, ile simu ya Jumapili ambayo nilimwambia subiri kidogo niko kwenye mkutano, nitakupigia. Alikuwa anasema, "Haya mwanangu, mimi nilikuwa nakusalimia tu." Alikuwa anaendelea kuisema. Nilimsikiliza mara mbili, ambayo ni mara moja zaidi ya muda niliokuwa nao. Nikafunika vizuri, nikaandika jina lake lote, na la babake, nikaliweka ngazi ya juu ambako kuna baridi kuliko kote.

Jenereta likakohoa. Taa zikafumba, zikafumbua.

Shufaa ndiye aliyelipata kopo lake. Hakunipa, alilikumbatia tu. Nilipofungua nikasikia "Mama" tatu, zimegandana, na chini yake kitu kingine kilichokuwa bado hakijasemwa, kigumu kama jiwe la barafu. Mizani ikaweka kopo kwenye kaptula, ikasoma kilo mbili na robo. Ikasema naruhusiwa kuondoka nalo nikiacha kitu cha uzito uleule, kwa sababu rafu ya friji haitakiwi kubaki na pengo.

Nikaweka mkoba wangu. Mkoba huo una funguo, dawa ya kikohozi, mwavuli na soksi za mtoto, unanivunja bega kila siku. Mizani haikusogea. Nikaweka viatu. Haikusogea. Nikavua saa, nikaweka na kitambulisho cha kazi. Mizani ikanirudishia vyote, ikasema inapokea kitu cha aina moja na kinachotoka. Sauti kwa sauti.

Nilisema siwezi kuacha sauti yangu, nina mtoto wa kuamsha asubuhi.

"Unazo ngapi?" mizani ikauliza.

Ni swali la haki. Ninazo mbili. Ipo hii ninayosimulia nayo, na ipo ile ya kazini. Ile ya kazini ni nyembamba, tamu, inapanda mwishoni kama inaomba ruhusa ya kukaa. Nilianza kuitengeneza kwenye usaili na sijaacha kuipiga pasi. Inasema asante sana kwa uvumilivu wako hata kwa mtu asiyevumilia lolote. Bi Henrike aliniajiri kwa ajili yake, aliniambia hivyo mwenyewe.

Nikainamia kaptula ile ya kitambaa na kusema kwa sauti hiyo, "Asante sana kwa uvumilivu wako, nikusaidie nini leo?"

Mshale ukapanda taratibu, ukasimama kwenye kilo mbili na robo. Haukutetemeka.

Nilipofungua mdomo kuuliza kama ndiyo imetosha, niliuliza kwa hii nyingine. Watu wa mwanzo wa korido waligeuka.

Nikampa Shufaa kopo. Alitoa jiwe lile la barafu kwa mikono miwili, akaanza kulilamba kama lambalamba, maji yanachuruzika mpaka kwenye viwiko vya sare. Jenereta likakohoa tena. Nilitaka kumwambia aharakishe, nikaona nimeshamwambia hivyo vya kutosha. Nikasimama. Nikamsubiri mpaka akamaliza, akajifuta mdomo kwa mkono.

Sasa tuko tena mezani. Hatukutembea kurudi, ni meza iliyokuja. Maji ya bahari yamefika kwenye kiti na pweza bado anaitikia. Bi Henrike anasema mkutano umebakiza dakika moja, kuna mwenye neno? Mimi namgeukia mwanangu, sio kioo, namuuliza alikuwa anataka kusema nini muda wote ule.

"Nilitaka usogee," Shufaa anasema. "Nikae."

Natazama kiti. Nimekaa nusu, nusu nyingine nimeweka mkoba.

Nikauondoa mkoba, nikasogea. Akakaa. Jenereta likazima, feni zikasimama, theluji ikasimama hewani palepale ilipokuwa, na kwenye giza lile tukawa tunasikia maji tu, na mimi bega lake lenye ubaridi kwenye mkono wangu.

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Sina tabia ya kusimulia ndoto; nyingi ni maharage ya usiku tu. Niliinuka, nikabandika maji ya chai, na huku yanachemka nikasimama mbele ya kioo cha jikoni nifanye mazoezi ya salamu ya mkutano wa saa tatu, kama nifanyavyo kila siku ya kazi.

Nikafungua mdomo, asante sana kwa uvumilivu wako. Hakikutoka kitu. Ulikuwa upepo mtupu. Nikakohoa, nikanywa maji ya vuguvugu, nikajaribu tena kwa utamu zaidi. Midomo ilitembea kama inavyopaswa. Nikajaribu mara ya tatu.

Shufaa alikuwa amesimama mlangoni na mswaki, ananitazama.

"Mama, mbona unafungua mdomo tu?"

Nilimwambia akanawe uso, gari la shule halimsubiri mtu. Hiyo ilitoka bila shida yoyote, ikafika mpaka kwa jirani, maana nilimsikia naye anamwamsha wake.

Basi. Mkutano ni saa tatu. Bi Henrike atanisikia kama mwanangu anavyonisikia.